Mmea Una Ukuta, Sisi Tuna Pazia

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la saruji, limekalia matofali kwa sababu miguu yake ilishastaafu. Juu yake hukaa Mwashi, ambaye hajajenga kitu tangu mvua zianze. Kinyozi, ambaye kiti chake cha wateja kinakaliwa na paka. Na mimi, Digrii, mtaalamu wa baiolojia niliyethibitishwa kwa muhuri na ninayelishwa na dada yangu. Kesho nafundisha somo la majaribio kwenye shule ya binafsi. Nikifaulu, naajiriwa. Nikifeli, shemeji ameshasema chumba changu kinafaa kufugia kuku. Basi nikawageuza wenzangu darasa.

—Class, sikilizeni. Seli ya mmea na ya mnyama zote zina kiini kinachoongoza kazi, na utando unaochuja kinachoingia na kutoka. Ila ya mmea imeongezewa ukuta mgumu nje ya utando.

—Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Mwashi. Mmea ulipuuza ufa wake.

—Siyo hivyo. Ukuta unaupa umbo, usimame bila mifupa.

—Kwa hiyo mmea una nyumba yake. Mnyama kapanga, ana pazia tu.

—Pazia linalochagua wageni. Halafu mmea una chembechembe za kijani, zinanasa mwanga wa jua, unajipikia. Mnyama hana.

Kinyozi akaweka kikombe chake cha kahawa chini, kando ya birika letu.

—Ndiyo maana mmea hauonekani kwa shemeji yake saa za kula.

—Out of syllabus, nikamwambia.

—Mtegemea cha ndugu hufa maskini, Digrii. Tukukalishe juani bila shati. Ukianza kuwa kijani, dada yako apumzike.

—Nami nampiga plasta, akadakia Mwashi. Akishakuwa na ukuta hafukuzwi. Nani kawahi kuufukuza mti?

—Na lile tangi la maji ulilotuambia jana? Kinyozi akauliza.

—Vakuoli. Kwenye mmea ni kubwa; ikijaa, jani linakakamaa. Ikipungua maji, jani linanyauka.

—Kama wewe ukinyimwa kahawa.

Hapo mama muuza vitunguu, aliyekuwa amesimama kivulini kwetu, akatua beseni lake.

—Samahani, wanangu. Hiyo seli, nani kati yenu ameiona?

Mwashi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikayatazama masimbi ya kahawa yaliyobaki chini ya kikombe changu. Chuoni tulikuwa na hadubini moja, ndani ya kabati la kioo. Ufunguo kwa profesa, profesa kwenye semina. Nilichora seli kutoka ubaoni hadi nikahitimu. Nikapewa A ya kuchora mchoro wa mchoro.

—Niuzie kitunguu kimoja, mama, nikasema. Wanasema ngozi yake ile nyembamba ukiiweka kwenye hadubini, seli zinaonekana zimepangwa kama matofali.

—Kama matofali? Mwashi akasogea.

—Wanasema.

Mama akanichagulia kikubwa, pesa akakataa.

—Ukiziona uje unieleze. Maisha yangu yote nimezibeba kichwani.

Birika lilikuwa tupu. Nikarudi nyumbani, kitunguu nikakitia mfukoni mwa suruali ya usaili. Kesho, kabla hawajaniuliza lolote, nitawauliza mimi: ufunguo wa kabati lenu la hadubini anao nani?