Sailensi ya Pijo la Ndegwa

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, sogeeni karibu na redio. Leo tunamlilia Ndegwa wa mtaa wa Waithaka. Mume wa Mama Virginia, baba yake Nyawira, na mwenye gari kuukuu, Pijo la injekta, ambalo mtaa mzima ulilijua kwa kuzima.

Naam, lilizima. Barabarani lilikwenda vizuri tu. Likisimama, injini ilipanda, ikashuka, ikatetemeka, kisha kimya. Mafundi husema gari halina sailensi, yaani haliwezi kunguruma polepole likiwa limesimama. Kila fundi alikaza skrubu ya sailensi, na baada ya wiki mambo yakawa yale yale. Ndegwa akazoea kusimama mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta.

Kisha Nyawira akachumbiwa. Ndegwa akatangaza kwamba atampeleka kanisani mwenyewe, kwa Pijo. Nanyi mnazijua harusi zetu za huku. Bibi harusi haachiliwi hivi hivi. Akina mama hufunga lango, wakaimba, wakajibizana, hadi wapende wenyewe kufungua. Gari hungoja likinguruma.

"Baba, hiyo gari itanizimia hapo kwa geti, watu wote wakiona," Nyawira alimwambia. Akakodisha gari jeupe la mjini.

Maneno yale yalimchoma Ndegwa. Akaenda Dagoretti Corner kwa Isaiah, fundi wake. Isaiah anakumbuka: "Mzee aliniambia, 'Leo usiguse hiyo skrubu. Kuna mahali hewa inaingia.'"

Wakabana mipira ya hewa, ile mirija inayoingia kwenye injini, kwa koleo, mmoja mmoja, wakisikiliza. Walipobana ule wa chini kabisa, injini ikatulia. Wakaumulika kwa tochi. Ulikuwa umepasuka, na juu yake umefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichooza. Na nani aliyekifunga, miaka hiyo yote iliyopita? Ndegwa mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako. "Alicheka mpaka akakaa chini," asema Isaiah. Wakatia mpira mpya.

Ijumaa hiyo Ndegwa aliendesha hadi katikati ya jiji, akasimama nje ya ofisi ya binti yake, akapiga simu. "Mami, shuka." Alimwita mami kwa sababu Nyawira ndiye aliyepewa jina la mamake Ndegwa. Nyawira akashuka na kikombe chake cha chai mkononi. Ndegwa akakichukua, akakiweka juu ya boneti. Injini ilinguruma. Chai haikumwagika. Baba na binti wakasimama pale kando ya barabara wakikitazama kikombe, na Nyawira akalia. Papo hapo akapiga simu kulikataa lile gari jeupe.

Jumapili, baada ya ibada, Ndegwa alianguka sebuleni kwake. Hakuamka tena. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Hema zilikuwa zimeagizwa, kanisa limepangwa, wageni wamealikwa. Familia ikaamua azikwe Jumamosi hiyo hiyo, harusi ingoje. Asubuhi, Pijo likatangulia kutoka nyumbani kwenda kanisani, Isaiah kwenye usukani, Nyawira kando yake, na gari lenye jeneza nyuma yao. Akina mama waliokuwa wamefanya mazoezi ya nyimbo za harusi walijipanga langoni, kimya.

Ndipo Mama Virginia akaenda akalifunga lango. Akaliegemea kwa mgongo.

"Bado," alisema. "Huyu simwachilii bado."

Hakuna aliyejua aimbe nini. Pijo likangoja. Halikuzima. Likanguruma polepole mbele ya lango lile, na hata wanaume wazima wakafunika nyuso zao.

Mwishowe Nyawira akateremka. Akamkumbatia mamake, wakalia pamoja, kisha akalifungua lango kwa mkono wake mwenyewe.

Pole, Mama Virginia. Pole, Nyawira. Pole sana, fundi Isaiah. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mzee wako anayehangaika leo na kitu cha kale kwa ajili yako, usimwambie utakwenda kesho. Nenda ukasimame naye.