Neno Nililomficha Zulma

Tegeni sikio, wanangu, na wewe Amparo acha kunifutafuta jasho, jasho halijamuua mtu. Padri ameshanipaka mafuta, daktari ameshafunga mkoba wake, nami nimebakiwa na pumzi ya kusema jambo moja. Lakini nitaanza na mali, kwa sababu nawajua: nisipoyamaliza ya mali hamtasikia jingine lolote.

Nyumba hii ni ya Amparo, aliyebaki ndani yake wakati wengine mlipofuata mabasi ya mjini. Shamba la El Recodo ni la Hernando, mikahawa yote pamoja na mashine ya kumenyea, ila usikate miti ya kivuli, Hernando, hata wakija mabwana shamba kumi na karatasi zao, maana babu yako aliipanda akiwa na homa na hakungoja ipoe. Na ule ugomvi wenu wa ng'ombe aliyeanguka korongoni uishe leo, macho yangu yakiwa bado yanaona. Nimesikia watu wakisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini ninyi mmegombana mpaka jembe limeota kutu.

Sasa taji. Amparo, kila mgeni akiingia humu unamfungulia kabati na kumwambia, "Hili ni taji la mama mdogo Gilma, Malkia wa Kahawa wa Mabara yote, mwaka hamsini na nane." Unalisema vizuri, mwanangu, na mimi nimekaa kwenye kiti changu miaka yote hiyo nikikusikiliza na kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Hamkuuona ule mwaka, na sijui niuseme vipi muuone. Tulikuwa tumechoka kuzika watu wa vita. Hapakuwa na kitongoji katika milima hii ambacho hakikuvaa nguo nyeusi, na katikati ya hayo wakubwa wa mji wakasema wataita mabinti kutoka nchi tisa, waje hapa hapa Peñasola, wapite mbele yetu, achaguliwe mmoja. Tuliwaona wendawazimu. Basi mabinti wakaja, juu ya gari la zimamoto, tisa, na watu wakashuka milimani mwendo wa siku mbili, wengine pekupeku, na juma lile zima, sijui kwa amri ya nani, hapakusikika bunduki. Nilimwona mzee Crisanto, aliyezika wana watatu, akivua kofia mbele ya binti wa Panama na kusimama akilia tu, na yule binti akashuka garini akamshika mkono.  Sikuwa nimejua kwamba uzuri unaweza kumfanyia mtu hivyo.

Hoteli ilikuwa na vyumba sita, kwa hiyo mabinti wengine waligawiwa majumbani. Gilma, kwa kuwa ndiye aliyesimama kwa nchi yetu, akapelekwa kukaa kwa mwenyekiti wa mashindano, na kitanda chake hapa kwetu akapewa binti wa Uruguay. Mama akasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaingia Zulma Etcheverry, binti wa karani wa simu za reli huko Paysandú, sanduku lake limefungwa kwa kamba. Wazuri walikuwa wengi, sikatai. Lakini mama yangu, ambaye hata kwa askofu hakuinuka kitini, alipomwona huyu mlangoni alisimama.

Mimi, wa miaka ishirini na mbili, nikafanywa mwandani wake. Kazi yangu ilikuwa kumpigia pasi, kumwonyesha njia na kumfundisha maneno yetu, maana Kihispania ni kimoja lakini kila nchi ina midomo yake.

Asubuhi ya kwanza nikamuuliza kama tunavyoulizana sote, "Zulma, tinto inakuchokoza?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Saa hizi, dada? Hata misa hatujaenda!"

Kisha nikaelewa. Kwetu tinto ni kahawa nyeusi, na kikimchokoza mtu kitu maana yake anakitamani. Kwao tinto ni mvinyo mwekundu, na kuchokoza ni kuchokoza kweli. Nikataka kucheka, lakini yeye akaanza kunieleza kwa sauti ya chini kwamba mvinyo ndio uliomuua baba yake, kwamba alimwapia mama yake, kwenye kaburi la baba, kuwa hataugusa maishani, na akaniomba radhi kwa kukataa cha mwenyeji.

Nikafungua mdomo nimwambie. Kisha nikaufunga.

Nikaufunga kwa sababu nilikumbuka swali. Jumapili, mbele ya watu wote, mkuu wa waamuzi angemuuliza kila binti swali lile lile la ukaribisho, "Señorita, tinto inakuchokoza?" na kila binti angejibu kwa maneno yake ya kuisifu kahawa yetu. Sisi waandani tulikuwa tumeambiwa tuwaandae. Gilma alikuwa akilifanyia mazoezi jibu lake mwezi mzima mbele ya kioo. Nami nilikuwa nimemtazama Zulma akivuka ua kwenda kuchota maji, nikajua kwamba dada yangu ameshashindwa.

Basi siku tano, asije akajua tinto yetu ni nini, nikamnywesha maji moto ya sukari guru. Kila sinia ilipotokea, kila mtu alipofungua kinywa kulitaja lile neno, nilikimbia mbele nikaipokea mimi, nikasema, "Mwacheni, anapenda hii yangu." Mama akanisifu kwa ukarimu. Nilijiambia kwamba damu ni nzito kuliko maji, na usingizi ulikuja vizuri tu, hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Nipe maji, Yuliana, mjukuu wangu. Kidogo. Basi.

Jumapili uwanja wa michezo ya ng'ombe ulijaa mpaka juu ya kuta. Mabinti wakatoka mmoja mmoja. Zulma alikuwa wa saba, amevaa nguo nyeupe niliyoipiga pasi kwa mikono hii. Alipotokea, kelele zilikatika. Mkuu wa waamuzi akainama, akauliza.

Akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa wale wa ukutani. "Hapana, bwana. Tinto ndiyo iliyomuua baba yangu. Nilimwapia mama yangu, na siwezi kuigusa, hata kama ni kwa taji."

Mnajua watu wetu. Binti amekuja kugombea umalkia wa kahawa, anasema kahawa imemuua baba yake! Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, watu wakapigana mabega, mmoja akapaza sauti, "Alikunywa ndoo ngapi huyo mzee?" Naye amesimama pale katikati, peke yake, anageuka huku na huku, hajui amekosa nini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hatua sita kutoka kwake. Hatua sita, wanangu, na sikwenda.

Aliyemwokoa ni mama mmoja mchuma kahawa, simjui jina, mwenye mtoto mgongoni. Alisimama akapiga kelele, "Ni kahawa, mrembo! Kahawa! Jamani, mwambieni mtoto wa watu!"

Zulma akamsikia. Nilimwona akielewa, uso wake ukapita kila rangi, nikasema sasa atakimbia, mimi ningekimbia. Hakukimbia. Akacheka, kicheko chake mwenyewe, kisha akanyoosha mkono akaomba kikombe. Wakamletea. Akainywa nyeusi, ya moto, yote, amesimama wima, na maelfu ya watu wakimtazama akimeza. Akakirudisha kikombe, akasema, "Basi baba yangu angezaliwa hapa, angekuwa hai mpaka leo."

 Kisha kofia zikaruka, zote, hata jua likafichika, na wanaume waliozika wana wao wakawa wanalia waziwazi kwa ajili ya karani mmoja wa simu wasiyemjua. Nimeishi miaka themanini na sijaona tena kitu kama kile. Nikifumba macho nakiona sasa hivi.

Taji walimpa Gilma. Alijibu vizuri, kama alivyofundishwa, na waamuzi walikuwa watu wa hapa. Watu wakaendelea kuita "Uruguay! Uruguay!" mpaka kiza.

Lakini si hilo linalonikaba. Asubuhi ya kuondoka, Zulma alinikumbatia pale uani, akaniambia, "Bertilda, nilikuona. Kila sinia ilipokuja uliiondoa. Ulidhani ni mvinyo wanaonipa, kama nilivyodhani mimi, ukanilinda nisivunje kiapo. Hakuna aliyewahi kunilinda hivyo."

Nami nikasema, "Si kitu, dada."

Gilma nilimwambia mwaka uliofuata. Akalitua taji mezani. "Ungeniacha nishindwe, ningekuwa nimeshindwa na mtu wa maana. Chukua, wewe ndiye uliyelitwaa." Hakunena nami tena mpaka tulipomzika mama, na sasa naye yuko chini. Zulma hakuacha kuandika. Kila Krismasi, barua. Binti yake wa kwanza alimpa jina, na jina hilo ni Bertilda. Nimemjibu barua zote, nikamwandikia habari za mvua, za mikahawa, za ninyi mlipozaliwa.

Sasa sikieni lililonifanya niwaite. Zulma anakuja. Alhamisi. Amekuwa kikongwe kama mimi, anavuka bara zima kuja kuniaga, na mimi... Alhamisi ni mbali, wanangu. Sitafika.

Hernando, wewe mkubwa, utamwambia. Umwambie akiwa bado mlangoni, kabla hajaketi, kabla hajala chochote chetu, ili akitaka kugeuka ageuke bila deni la wema. Umwambie kwamba nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Taji mpeni alishike, akilitaka ni lake, akilitupa korongoni msiteremke kulitafuta. Akikasirika, msinitetee. Akilia, Amparo, usilie kumpita yeye. Na mkimwona ananisamehe haraka kwa kuwa nimekufa, mwambieni tena, polepole, mpaka asikie.

Msogee karibu. Siwaoni vizuri. Mungu awape... awape midomo inayofunguka wakati wake. Hernando, mikahawa yako izae. Amparo, mlango wako usikose mgeni. Yuliana... mzuri wangu... wewe nawe pia.

Na akiuliza kwa nini sikumwandikia, miaka yote hii, karatasi zikiwapo... msiseme nilikuwa mgonjwa. Msiseme nilisahau. Semeni nilipenda... kupendwa naye. Semeni hivyo tu.