Kadi Mia Nne za Fundi Kola

Kijiwe kilikuwa benchi moja refu lenye mguu uliofungwa waya, mbele ya jengo ambalo mwenye nyumba alishatangaza kulibomoa mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo Fundi Kola, mshonaji wa chumba cha mwanzo, alitoka na kopo la biskuti, akaketi nalo mapajani. Ndani mlikuwa na kadi za biashara zipatazo mia nne, za wateja wa miaka kumi na tisa, na nyuma ya kila moja vipimo kwa penseli. Alitaka namba zote ziingie kwenye simu, awatumie wateja ujumbe kwamba amehama. Hao wakimpotea, cherehani itabaki pambo, na wazo hilo lilimtia hofu hasa. Mama Birika, muuza kahawa wa kijiwe, akammiminia kikombe, na kesi ikaanza.

— Nunua skana, alisema Waranti, tarishi mstaafu asiyeamini kitu kisicho na karatasi ya dhamana. — Ile ndogo. Unalisha kadi huku, inatokea kule.

— Hizi hapa? Betri, fundi simu, akacheka. — Zimekunjamana, zina chaki, nyingine zina matundu ya pini. Itakwama kwenye ya tano. Piga picha kwa simu, mzee. Programu inasoma yenyewe, inahifadhi jina na namba. Kwisha kazi.

— Ina dhamana?

— Simu ni yake mwenyewe, dhamana ya nini?

— Ndivyo mnavyolizwa.

Kola akachagua kadi iliyo safi kuliko zote. Picha ya kwanza iliharibiwa na jua, kadi ikang'aa tupu. Wakaihamishia kivulini, nyuma ya mgongo wa Waranti, na safari hii simu ikasoma. Betri akawageuzia kioo kwa madaha.

— Haya, mteja wako huyu: Bwana Huduma Saa Zote.

— Nani?

— Ndiyo jina lake.

— Huyo ni muuza majeneza, bwana! Jina lake liko chini, kwa herufi ndogo.

— Programu inashika herufi kubwa. Utarekebisha mwenyewe.

— Mia nne?

Betri akaanza kulifuta jina hilo.

— Halafu nyuma haijasoma, Kola aliendelea. — Ona: kiuno thelathini na nane, bega la kushoto limeshuka. Mimi majina yananitoka, lakini bega hili nikilisoma namwona mtu mwenyewe kasimama mbele yangu.

— Basi piga na nyuma.

— Thubutu! Waranti akaweka kikombe chini. — Vipimo vikishaingia mtandaoni ndiyo vimekwenda. Kesho kiwanda cha ng'ambo kinajua kiuno cha mtaa mzima. Unaletewa suruali hujaiagiza, na inakutosha!

— Acha hizo.

— Ofisini kwa shemeji yangu waliskani kadi zote. Mashine ikajua nani kastaafu, nani kafariki. Ikawatenga, kila mtu na fungu lake.

— Na anayekunywa bila sukari inamjua? aliuliza Mama Birika.

— Ya bei mbaya inamjua, Waranti alijibu bila kupepesa jicho.

Kola alicheka nao, na kicheko kilimpa nafuu. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amewaambia wenzake wa benchi: chumba kipya hakipo. Alishaona viwili. Kimoja hakikuwa na umeme, cha pili kilichukuliwa na mwingine wakati yeye bado anapima mlango, kama meza yake ya kukatia itapita. Tangu siku hiyo hakwenda tena kutafuta. Kubishana habari za skana kulikuwa kwepesi zaidi, na aliona aibu.

Mwanamke mmoja mwenye mkoba wa madaftari alisimama mbele yao.

— Samahanini, fundi nguo ni yupi?

— Ni mimi, dada. Karibu.

— Asante. Nimeelekezwa na jirani yangu. Nina kitambaa cha sketi, ila nitakileta shule zikifungwa, na nasikia mtakuwa mmehama. Mnahamia wapi?

Betri akamtazama Waranti. Waranti naye akamtazama Betri. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

— Kola, Betri alisema taratibu, — kwenye huo ujumbe ulikuwa uandike umehamia wapi?

— Sijapata chumba, alisema Kola. — Nimeshindwa hata kuwaambia.

Mwanamke akachana kipande cha daftari, akaandika namba yake. — Ukipata, nipigie. Kola akakitia kwenye mfuko wa shati, si kwenye kopo.

Mama Birika akalitikisa birika lake. — Kahawa imeisha. Mnangoja nini?

Waranti ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akafunika kopo, akalibana kwapani.

— Mlango wa kupitisha meza yako ya kukatia uwe na upana gani?

— Sentimita tisini na mbili, alisema Kola.

Betri akaiandika namba hiyo kwenye simu, kwa kidole chake mwenyewe, wakaondoka watatu kutafuta chumba.