Mistari ya Kulala na Mistari ya Kusimama: Bi. Zdravka Murdzheva Anastaafu

Bi. Zdravka Murdzheva, katibu wa baraza la kampuni yetu ya mizani, Tereziya, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini na saba na miezi kumi. Hafla ya kumuaga ni Ijumaa tarehe 27, saa kumi jioni, katika ua wa makao makuu hapa Plovdiv. Nimeombwa kuandika machache kumhusu kwa kuwa nimekuwa msahihishaji wa maandishi ya kampuni kwa karibu muda huohuo na kwa kuwa, kama alivyosema mkurugenzi, sisi tunaokumbuka sauti ya taipureta sasa tunaenea kwenye benchi moja.

Alifika tarehe 1 Septemba 1987, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akakabidhiwa taipureta ya Hebros ambayo herufi yake moja, щ, ilikuwa haipigi. Fundi alisema angekuja kesho. Alikuja Novemba. Kwa miezi miwili Bi. Zdravka aliandika barua za kampuni nzima bila kutumia herufi hiyo hata mara moja, na mimi niliyezisahihisha nilimsifu kwa ufupi wa sentensi zake. Miaka kumi baadaye ndipo aliponieleza. Katika lugha yetu, bila herufi hiyo hakuna wakati ujao. Kwa miezi miwili, basi, Tereziya haikumwahidi mteja yeyote jambo lolote, na hakuna mteja aliyelalamika.

Mwenyekiti wa baraza wakati ule alikuwa mhandisi Lyutskan Peev, mtu mwema mwenye tabia moja mbaya: alikuwa akikubali jambo mkutanoni, kisha akifika ngazini anasema hakukubali. Bi. Zdravka, aliyekuwa na wajibu wa kuandika muhtasari lakini hakuwa na kura, alitafuta dawa yake. Aligawa ukurasa wa daftari katika safu mbili. Upande wa kushoto aliandika maneno ya watu. Upande wa kulia aliandika vichwa vyao. Aliyetikisa kichwa kushoto na kulia, yaani, kwa desturi ya kwetu, aliyekubali, aliwekewa mstari wa kulala. Aliyekipandisha na kukishusha, yaani aliyekataa, aliwekewa mstari wa kusimama.

Mhandisi Peev alipojaribu tena kukana ngazini, alifunguliwa daftari.

“Huu ni mstari tu, binti,” alisema.

“Ni mstari wako, Bwana Mhandisi. Umelala chali.”

Safu hiyo tuliiita safu ya vichwa, na tuliicheka kwa miaka mingi. Wageni walipouliza katibu anachora nini, tuliwaambia anahesabu nzi. Yeye aliendelea kuchora. Taipureta ilipokwenda stoo, ikaja faksi, kisha kompyuta ya kwanza mwaka 1996, iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma kila jioni ili isipate vumbi. Safu ya vichwa ilibaki ya penseli.

Machi 2020 ofisi zilipofungwa, kila mmoja alipeleka kazi yake nyumbani. Bi. Milkana Toneva, mkuu wa kitengo cha kompyuta, alitupa programu ya mikutano ya mtandaoni yenye vitufe vingi kuliko taipureta tatu zikiunganishwa. Wengi wetu tulijifunza kitufe kimoja cha kuingilia na kimoja cha kunyamazisha, tukaishia hapo. Bi. Zdravka alivibonyeza vyote siku ya kwanza, kimoja baada ya kingine, na kuandika katika daftari kazi ya kila kimoja.

Haikupita muda akawa ndiye anayemwomba Bi. Milkana viongezo, yaani zile programu ndogo zinazopachikwa ndani ya ile kubwa ili iweze mambo zaidi. Aliomba cha kutukumbusha siku za majina, yaani sikukuu za watakatifu ambao tumepewa majina yao. Siku ya Mtakatifu Ivan kikalia mara kumi na moja, na akina Ivan wote kumi na mmoja, kutoka Ruse hadi Madan, wakajikuta wanatakiwa kuleta banitsa, ule mkate wa jibini, kwa wenzao waliokuwa hawaonani nao. Aliomba pia cha kuzuia ujumbe wa kazi baada ya saa kumi na moja jioni. Aliyemwandikia baada ya hapo alijibiwa na mashine kwamba Bi. Zdravka anamwagilia nyanya, na ujumbe wake utasomwa saa mbili asubuhi. Mkurugenzi wetu, Bw. Ognyan Velchev, alijibiwa hivyo mara saba katika wiki moja. Wiki iliyofuata alianza kulala mapema.

Kuna kitu kimoja ambacho hakukiombea kiongezo. Zamani, kila tarehe 1 Machi, alikuwa akipita meza kwa meza na kumfunga kila mtu mkononi nyuzi nyekundu na nyeupe za kumtakia afya, kama ilivyo desturi yetu, huku akimsema kwa makosa yake ya mwaka mzima. Tulipotawanyika, alianza kuzitia nyuzi hizo katika bahasha na kuzituma kwa posta kwenye kila tawi, pamoja na karatasi ya makosa. Mimi ninazo karatasi zangu zote. Ya mwaka 2021 inasema: “Unasahihisha herufi za watu na husikii wanachosema.”

Sikuizingatia. Inanibidi sasa nieleze jambo la Madan.

Karakana yetu ya Madan wakati ule ilikuwa na watu saba, pamoja na kiongozi wao, fundi Asparuh Kehayov. Wanatengeneza mizani ya zamani, ya masoko na ya viwanda vya maziwa, mizani ambayo hakuna mahali pengine inapopokelewa. Mwaka 2022 kazi ilikuwa imepungua, na ilipendekezwa karakana ifungwe. Baraza likaitwa mtandaoni Ijumaa tarehe 18 Novemba liamue swali moja: je, karakana ya Madan iendelee?

Wiki hiyohiyo programu ya mikutano ilikuwa imepata viongezo vipya kutoka kwa watengenezaji wake wa mbali. Kimoja kiliandika muhtasari chenyewe. Cha pili kilisoma vichwa vya watu kwa kamera na kuhesabu kura. Cha tatu kiliugeuza uamuzi kuwa kazi na kumpelekea mhusika papo hapo. Bi. Milkana alivijaribu kwa siku mbili, akaona vinaandika vizuri, akafurahi kwa niaba ya mwenzake.

“Shangazi Zdravka, leo weka penseli chini,” alimwambia. “Mashine inaandika.”

“Iandike. Na mimi niandike, tuone nani ana mwandiko mzuri.”

Mkurugenzi alikuwa njiani kutoka Burgas, akitusikia kwa simu tu. Jedwali la mauzo lilijaza skrini, na nyuso zetu zikawa vipande vidogo pembeni, vitatu vitatu. Bi. Zdravka peke yake ndiye aliyekumbuka kitufe cha kuzitandaza nyuso zote kumi na tatu kwa pamoja. Swali likaulizwa, vichwa vikajibu, tukaagana. Baada ya dakika kumi ulifika muhtasari: ndiyo tano, hapana nane, bila majina. Karakana ifungwe.

Wale wanane waliohesabiwa hapana walikuwa wamekubali karakana iendelee. Kila mmoja wao aliusoma muhtasari ule, akadhani wenzake wamemwacha, akanyamaza kwa aibu ya kushindwa. Na huko Madan simu ya fundi Kehayov ililia kikengele. Ilimwambia: kazi mpya, funga karakana, mwisho tarehe 31 Desemba. Kilichobaki ni mkurugenzi kubonyeza kitufe cha kuidhinisha, Jumatatu saa tatu asubuhi.

Bi. Zdravka alilinganisha muhtasari na daftari lake. Yeye alikuwa na mistari minane ya kulala, minne ya kusimama, na alama moja ya kuuliza. Alama hiyo ilikuwa ya Bw. Radoslav Tumbev, aliyefanya kazi Ujerumani miaka tisa na ambaye kichwa chake, kwa maneno ya Bi. Zdravka, hakijamaliza kurudi nyumbani. Kwanza aliyashuku macho yake. Akasafisha miwani, akahesabu tena. Kisha akampigia simu Bi. Milkana.

“Milkana, mwanangu, hii mashine yako kwao ni wapi?”

“Mbali, shangazi. Kwani imefanya nini?”

“Huko mbali, mtu akikubali, kichwa anakipeleka wapi?”

Bi. Milkana anasema alifungua mdomo, kichwa chake mwenyewe kikaanza kwenda kushoto na kulia, na hapo akaelewa.

“Mama yangu wee! Imetusoma wote kinyume!”

“Wote isipokuwa Tumbev,” alisema Bi. Zdravka. “Yeye ameokolewa na Wajerumani.”

Jumamosi asubuhi alimpigia fundi Kehayov, ambaye hakuwa amemuuliza mtu yeyote kitu chochote. Alikuwa amejibu “imepokelewa” na kuanza.

“Asparuh, usiguse kitu chochote humo ndani.”

“Umechelewa, dada. Mawe ya mizani yote nimekwisha kuyashusha ukutani. Nimeyafunga kwa magazeti.”

“Yafungue.”

“Dada Zdravka, baraza limeamua. Mimi ni nani?”

“Baraza halijaamua chochote. Yarudishe ukutani kwa mpangilio wake, dogo kwa kubwa, na Jumatatu uwe na kahawa mkononi.”

Kumshawishi mkurugenzi kulikuwa kugumu zaidi. Upande mmoja Bw. Velchev alikuwa na karatasi safi iliyochapwa, na upande wa pili vistari vya penseli vya mtu asiye na kura. Alimwambia kwa upole kwamba mashine haina rafiki Madan.

“Ni kweli,” Bi. Zdravka alimjibu. “Na mimi ninao saba. Ndiyo maana sikuombi uniamini. Waulize kwa midomo.”

Jumatatu saa mbili na nusu tuliulizwa kwa midomo, jina kwa jina. Ndiyo tisa, hapana nne. Bw. Tumbev alisema ndiyo kwa sauti kubwa huku kichwa chake kikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa tulicheka. Karakana ya Madan ipo hadi leo, na mwaka huu imempokea fundi wa nane.

Ukweli wote ni huu. Kati ya wale wanne, mmoja nilikuwa mimi. Niliamini, na nilikuwa na sababu zangu, kwamba karakana haitufai tena. Lakini kosa langu si kura. Muhtasari wa mashine ulipita kwangu Ijumaa ile kabla ya kwenda kwa wengine. Niliusoma, nikakuta mashine imeandika “karakana ya Madam” mahali patatu, nikarekebisha zote tatu, nikaurudisha kwa neno moja: sahihi. Mwenzangu mmoja wa baraza, niliyekaa naye mikutano zaidi ya elfu moja, nilikuwa nimemwona kwenye skrini akitikisa kichwa kushoto na kulia, nikapitisha karatasi iliyomhesabu, bila kumtaja jina, kati ya waliokataa. Herufi zilikuwa kamili. Watu saba walikuwa wanakwenda kupoteza kazi kwa maandishi yasiyo na kosa hata moja la tahajia.

Bi. Zdravka hakulitaja jambo hilo. Machi iliyofuata, bahasha yangu ilikuwa na nyuzi tu, bila karatasi.

Kilichobaki ni kueleza alichotuachia. Wengine walitaka viongezo vyote ving'olewe. Yeye alikataa. Alikaa na Bi. Milkana kwa mwezi mzima, wakawaandikia watengenezaji wa mbali barua tatu za adabu na moja isiyo na adabu, mpaka pakaongezwa mahali pa kuchagua vichwa vya nchi gani vinasomwa. Kisha wakatunga kiongezo chao wenyewe. Leo katika kila mkutano wa Tereziya, kwenye matawi yote manne, kura hupigwa kwa vitufe viwili: mstari wa kulala na mstari wa kusimama. Kabla ya muhtasari kutumwa, kila mmoja huonyeshwa mstari wake na kuulizwa kama ni wake kweli. Rasmi kinaitwa Safu ya Vichwa. Mfanyakazi mpya akiuliza kwa nini ndiyo yetu imelala, huelekezwa kwenye meza ya Bi. Zdravka iliyo karibu na dirisha.

Meza hiyo itakuwa tupu kuanzia Julai. Daftari zake ishirini na tisa zinabaki kabatini, na ufunguo ameniachia mimi, jambo ambalo ninalihesabu kuwa msamaha. Fundi Kehayov na wenzake watashuka kutoka Madan wote wanane, wakiwa na mizani ndogo ya sokoni waliyoitengeneza upya kwa ajili ya kupimia nyanya zake.

Ijumaa iliyopita baraza lilikutana mtandaoni na yeye kwa mara ya mwisho. Baada ya ajenda kumalizika, Bi. Milkana aliomba swali moja lisilokuwamo: je, tumruhusu Bi. Zdravka aondoke? Vichwa vyote kumi na vitatu vilipanda na kushuka, cha Bw. Tumbev kikitangulia, sawasawa, kama cha mtu aliyerudi nyumbani. Mashine ikahesabu hapana kumi na tatu, na safari hii ilihesabu vyema. Bi. Zdravka alichora mistari kumi na mitatu ya kusimama, bila haraka. Kisha, kwa kuwa alikuwa hajapiga kura kwa miaka thelathini na saba, alichora wa kwake chini yake, mrefu, umelala, kutoka ukingo hadi ukingo wa ukurasa, akafunga daftari.

Tumeukubali mstari wako, Bi. Zdravka. Tunakushukuru kwa kila kichwa ulichokiandika kama kilivyokuwa. Uwe na afya, kama jina lako lisemavyo, nyanya zako zijae mizani, na asubuhi zako zisianze tena kwa kikengele. Wakati ujao, ambao taipureta yako ya kwanza haikuweza kuuandika, na uwe wako wote.