Matshediso Thulo, Aliyeosha Makopo ya Ha-Sethunya

Marehemu Matshediso Selina Thulo alizaliwa tarehe 9 Julai 1953 huko Witsieshoek, Qwaqwa, Afrika Kusini, theluji ikiwa imeziba mlango wa nyumba yao. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Tshokolo na Bibi Anna Mopeli.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Baba yake alipofariki mwaka 1967, alitolewa shule akalee wadogo zake. Wajukuu walipomuuliza kama aliumia, alisema, “Ningeumia saa ngapi, na kuni zinaningoja?”

Mwaka 1974 aliolewa na marehemu Sabata Thulo, mchimba migodi wa Welkom, aliyefariki kwa kifua mwaka 1999. Walijaliwa Dineo na Khotso. Marehemu alifanya kazi ya kufua nguo za hoteli moja mjini Harrismith hadi alipostaafu mwaka 2013.

Lakini mtaa wa Ha-Sethunya, alikoishi, ulimjua kwa taka. Lori la taka la kila Alhamisi lilipoanza kupita, watu waliambiwa watenge: mfuko mweusi kwa uchafu, mfuko mweupe kwa vitu vya kwenda kutengenezwa upya. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba kopo lenye mafuta linaharibu karatasi zote, na kwamba kioo kilichovunjika hufungwa kwenye gazeti. Mabomba yalikuwa makavu, hivyo aliosha makopo kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo, kisha akayamwaga kwenye bustani ya mboga.

“Mama Dineo, unaosha taka?” jirani yake, Mama Thusang, alimcheka. “Na pasi utazipiga?”

“Nikikosa mkaa tu, ndiyo sitapiga.”

Mwishowe Mama Thusang naye akawa anaosha, tena kwa kujivuna. Kwenye harusi ya Dineo, mchungaji alirudishiwa kopo lake la soda mbele ya wageni. “Baba Mchungaji, hili bado lina dhambi.” Mchungaji alikwenda kulisuuza.

Februari mwaka huu Khotso alikuwa akipeleka vifusi jalalani, na marehemu akaomba kwenda naye. Siku zote alitaka kuona chupa zake zinakofikia. Alivaa viatu vya kanisani, kama anayekwenda kumtembelea mtu. Walipofika, lori la Alhamisi lilikuwa likimwaga mifuko myeusi na myeupe katika shimo moja, na shimo linawaka.

“Mwanangu,” alimuuliza dereva, “mifuko yetu myeupe mnaiweka wapi?”

“Ndiyo hiyo unayoikanyaga, mama.”

“Tangu lini?”

“Mimi nilikuta hivihivi.”

Njiani Khotso alimsihi asimwambie mtu. Alimjibu, “Waliosha kwa ajili ya mdomo wangu. Mdomo huohuo utawaambia.” Akapita tena nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka, wengine walimpa pole. Mama Thusang akasema, “Kumbe tulikuwa tunauoshea moto.” Tangu siku hiyo, marehemu, aliyewafundisha wote, alitia maganda, chupa na majivu katika mfuko mmoja.

Mwezi Mei alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini. Ulimi wake ulipona, mguu haukupona. Asubuhi moja muuguzi alichukua kopo lake la maziwa mgando, halijaisha vizuri, akalitupa pamoja na pamba zenye damu. Dineo alimtazama mama yake, akingoja maneno. Angefurahi hata kwa tusi. Mama aligeukia ukutani. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024.

Ameacha watoto wawili, Dineo na Khotso; wajukuu watano; dada yake, Mamello; na Mama Thusang, ambaye familia imeomba ahesabiwe hapa. Juzi Alhamisi, lori lilipopita kuchukua taka za matanga, mifuko yote mtaani ilikuwa myeusi.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.