Mteja wa Mfano

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mkabala na zahanati, na anayekaa upande wa kushoto lazima akaze miguu maana unanesa. Asubuhi ile walikuwa watatu. Wembe, kinyozi, ana mdomo unaokwenda kasi kuliko mashine yake ya kunyolea. Antena, fundi simu, hunasa habari zote kabla ya wengine, za kweli na za kupika. Wa tatu ni Kalamu, anayefanya kazi benki, kazi ambayo kijiwe hakijawahi kuielewa. Huandika maelekezo, ila si ya kusomwa na watu. Yanasomwa na ile mashine inayowajibu wateja kwenye simu, ijue namna ya kuingia kwenye kumbukumbu za benki na kutoa kile mteja alichouliza. Mwenzao wa nne, Soli, mshona viatu, alikuwa hajafika, na kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimeshajazwa.

— Benki yenu imepata wazimu, Antena alimwambia Kalamu. Shemeji yangu kaiuliza ile mashine mshahara wake umeingia lini. Unajua kajibiwa nini?

— Sijui.

— Eti malipo yake ya mwisho ni ada ya darasa la jioni, la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika. Na shemeji yangu ni mwalimu.

— Hee, mbona na mteja wangu wa jana kaambiwa hivyohivyo, akasema Wembe. Nikadhani ananipiga kamba.

Kalamu akakitua kikombe chake. Alijua maneno yale yametoka wapi, maana aliyaandika mwenyewe. Kila maelekezo yanataka mfano: mteja akiuliza hivi, jibu liwe hivi. Kanuni ya ofisi inasema mteja wa mfano abuniwe, toka jina hadi malipo. Lakini kubuni kumbukumbu za mwaka mzima ni kazi ya siku mbili, na bosi alitaka maelekezo yawe tayari kabla ya chakula cha mchana. Kalamu akafungua kurasa za kumbukumbu za wateja anaowafahamu, akachagua mmoja, akafuta jina, akaona amemsitiri mwenyewe. Sasa mashine, kila inapokosa kumbukumbu za mteja, inanakili mfano.

— Mimi nawaambia, ile mashine imeona shule watu wazima wanaikwepa, akasema Wembe. Inatusukuma.

— Wapi. Inatafuta wasiojua kusoma ili iwawekee mikataba, watie dole gumba. Nyumba zinaondoka hivihivi.

— Basi na vinyozi tumekwisha. Itajua nani ana upara kabla hajavua kofia.

— Upara ni nini? Inajua ndoto zako. Simu unalala nayo wapi? Chini ya mto. Unadhani kule chini inafanya nini?

— Ni hitilafu tu, akasema Kalamu. Itarekebishwa.

— Ngoja kwanza, Wembe akainua kidole. Mteja wangu alisema ilitaja na kazi. Mshona viatu, mkabala na zahanati.

Wakatazamana. Mkabala na zahanati mshona viatu ni mmoja.

— Soli? Soli huyu anayetusimulia magazeti kila siku?

— Anatusimulia, akasema Antena taratibu. Umewahi kumsikia anasoma? Huyo anasikiliza redio alfajiri, halafu anakuja kutufunulia kurasa hapa.

Wembe akaangua kicheko, Antena akafuata, akashika mbavu. Na Kalamu, kwa kuogopa asionekane peke yake mwenye uso mkavu, akacheka nao. Alicheka kwa sauti kuliko wote. Aibu ilimpata akiwa bado amefungua kinywa, kwa sababu Soli alikuwa amesimama nyuma yao, kisanduku chake cha kazi begani.

Soli hakugomba. Alikitua kisanduku, akakaa, akakichukua kikombe chake wala asinywe.

— Tangu jana nimeshapigiwa makofi na watu watatu njiani, alisema. Eti mashine ya benki imewaambia: hongera, mwanafunzi. Mke wangu mwenyewe alikuwa hajui. Nilitaka siku moja nimsomee barua ya mwanetu, ashangae.

Wembe akaanza kufuta kahawa iliyomwagika ubaoni. Antena akaitazama simu iliyozimwa.

— Kalamu, wewe uko humo ndani. Wateja wote wale, kwa nini wakanichagua mimi?

Jibu Kalamu alikuwa nalo. Katika kurasa alizofungua siku ile, ya Soli ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote: miezi kumi na tisa, kila tarehe mbili, ada imelipwa, hata mmoja haukurukwa. Aliupenda ukurasa ule. Akageuza macho kwenye zahanati.

— Sijui, kaka. Nitawauliza.

— Waulize. Na waambie wanifute tu humo, darasani sirudi tena.

— Nitawaambia.

Soli akasimama, akamshika bega.

— Ahsante, ndugu yangu. Bora hata nina mtu wa kunisemea huko.