Bihogo Hakuwa Kijiji

Leo, tarehe 30 Juni 1990, Rémy Sebagenzi anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano katika kituo chetu cha utafiti hapa Kigoma. Ni miaka ishirini na sita tangu yeye na mimi tuondoke Uvira kwa boti, Mei 1964, waasi walipouteka mji. Kule nilikuwa karani wa maabara yake, ndiyo maana nimeombwa kuandika haya katika jarida la kituo.

Kongo ilipopata uhuru, wakubwa wa maabara waliondoka ndani ya wiki mbili. Rémy alibaki na hadubini moja na baiskeli. Alikwenda vijiji vya Runingu na Kiringye kupima damu za wagonjwa wa homa ya papasi, akaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika: watu wa ziwani, walioumwa na papasi, kupe wa nyufa za nyumba, tangu utotoni, waliugua kidogo, lakini wafugaji walioshuka kutoka milimani waliugua vibaya baada ya kulala siku chache tu katika nyumba za tambarare. Kwa miaka minne aliandika wagonjwa 417 katika daftari moja la jalada jeusi.

Shida ilikuwa tarehe. Nyirabahizi, mama wa mlimani aliyeleta siagi Runingu, alimwambia, “Minye tarehe sijue, munganga. Andika tu: Bihogo ilizala, kesho yake homa ikanishika.” Rémy akasema daftari lile ni la watu, si la ng’ombe. “Basi weye enda uulize Bihogo!” Foleni nzima ya wagonjwa ilicheka. Tangu siku hiyo kila mfugaji aliandikiwa jina la ng’ombe kando ya jina lake, na baadaye Rémy alipanda mlimani kuhesabu na mwenye ng’ombe ni siku ngapi zimepita tangu ng’ombe huyo azae. Hesabu hiyo hawakuikosea kamwe.

Mapema mwaka 1964 daktari mgeni kutoka Ulaya, aliyekaa nasi miezi miwili, alilichukua daftari ili alihifadhi Bujumbura, kwa kuwa vita vilikuwa vinakaribia. Baadaye aliandika kwamba sanduku lenye daftari lilipotea njiani. Rémy bado anayo barua hiyo.

Hapa Kigoma ametoa makala kumi na nne, na watafiti wengine wamezitaja mara 63. Ili hesabu hiyo ikamilike, mkutubi wetu Apolline aliandikia maktaba ya Dar es Salaam kuomba makala tusizokuwa nazo. Katika bahasha iliyorudi Januari mwaka huu kulikuwa na nakala kamili ya makala maarufu ya mwaka 1966 juu ya homa ya papasi, iliyotajwa mara 212. Sisi tulikuwa na muhtasari wake tu, uliochapishwa bila jina la mwandishi. Rémy mwenyewe aliitaja mara tatu, kwa jina la jarida na mwaka, akifurahi kwamba mtu wa mbali ameona alichokiona yeye.

Apolline alituita. Wagonjwa 417. Jedwali la pili, chini ya neno “Vijiji”: Bihogo, Gitare, Gaju, Mayenzi. Mwandishi ni yule daktari. Jina la Rémy halimo, hata kwenye shukrani.

Rémy alivua miwani, akakaa. “Bihogo si kijiji,” alisema. “Bihogo iko ng’ombe ya Nyirabahizi.” Kisha Apolline akafungua makala ya mtu mwingine, ya miaka kumi baadaye, yenye ramani. Bihogo alikuwa nukta nyeusi mlimani, kijiji chenye homa nyingi kuliko vyote. Hakuna aliyecheka.

Tuliliandikia jarida lililochapisha makala ya 1966. Walijibu kwamba daktari amefariki. Walitaka tulete daftari, au ushahidi wa mwenye ng’ombe mmojawapo. Mkurugenzi alimpa Rémy boti na ruhusa ya kwenda Uvira. Lakini Nyirabahizi aliuawa katika vita vile, ng’ombe wake wakaliwa, na wenzake tumewatafuta bila kumpata hata mmoja. Badala yake Rémy alisimama mbele ya mkurugenzi akataja ng’ombe kumi na tisa, kila mmoja na jina la mmiliki wake na siku aliyozaa. Mimi, karani wake, niliandika na kutia sahihi. Jarida halijajibu.

Jarida hili letu halitangoji. Kuanzia leo linahesabu makala za Rémy Sebagenzi kuwa kumi na tano, zilizotajwa mara 275, tatu kati ya hizo na yeye mwenyewe.

Asante, Rémy, kwa kila tone la damu ulilolitazama kwa makini. Upumzike vyema, wewe na wa nyumbani kwako, hapa Kigoma. Boti ameirudisha kwa mkurugenzi. Uvira hatarudi.